Mkia wa Mbogo

Kambarage, Shinyanga
9 Machi 1977

Kwako Kaka Bujiku,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu umenitangulia kuzaliwa, si kwa sababu nyingine. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Rwamgasa, na kwamba hilo shimo la dhahabu mnaloliita duara halijakuangukia. Nikisema sijali kama unakula nitakuwa mwongo. Huku nyumbani Mama anasumbuliwa na kichwa tangu ulipoondoka, mimi naendelea na masomo ya kidato cha tatu, na Baba ndiye sababu ya kukuandikia. Namkabidhi Maganga barua hii kwa kuwa anakuja huko na magunia yake ya dagaa. Ameniahidi atakupa mkononi, na hataondoka mpaka aone umeifungua.

Uliondoka kesho yake baada ya ajali, kwa hiyo huenda hujui yaliyofuata. Nitakueleza kwa utaratibu.

Asubuhi ile ya Jumatatu Baba alimchukua Bibi Rubab, mama wa mwajiri wake Bwana Jafferali, kumpeleka hospitali. Pijo ya dukani ilikuwa imekwenda Kahama kuchukua mizigo, kwa hiyo akamtoa Mbogo, lile gari jekundu la Kimarekani ambalo kijana wao Firoz aliliacha alipohamia Kanada. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na unajua udongo wetu mweusi wa mbuga ukilowa: unakuwa kama sabuni. Kwenye kona ya ghala la pamba Baba alipunguza mwendo, akaingia, kisha akagusa mafuta kidogo ili atoke kwenye tope. Bibi Rubab mwenyewe anasema hawakuwa wanakimbia. Mkia wa gari ukachomoka, gari likageuka ubavu, likamkumba Mzee Jilala na baiskeli yake ya maziwa. Mguu wake umevunjika juu ya goti. Mpaka leo yuko wodini, na ng'ombe wake wanachungwa na majirani.

Baba ameshtakiwa kwa kuendesha gari kwa hatari. Wanasema anaweza kunyang'anywa leseni, anaweza pia kufungwa. Bwana Jafferali amemsimamisha kazi. Na mjini, Kaka, mjini wanasema alikuwa amelewa! Baba, ambaye hata togwa huiuliza kwanza imelala siku ngapi. Kwenye bomba la maji wanawake wanapunguza sauti nikifika, halafu mmoja anasema kwa sauti ya kunisikilizisha kwamba madereva wa Wahindi hujisahau, hudhani gari ni lao. Mimi, unavyonijua, niliinamisha kichwa, nikasubiri ndoo ijae. Nilirudi nyumbani nikalia kwa hasira, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa juu yangu mwenyewe kwa kukaa kimya.

Nilichoweza ni kusoma. Nilitaka kujua kwa nini dereva aliyeendesha miaka yote hii bila hata kukwaruza bampa aangushwe na kona anayoipita kila siku. Nilimfuata Mwalimu Stanslaus, anayetufundisha fizikia. Nilisimama mlangoni kwake mpaka akaniuliza kama nimetumwa au nimepotea. Nilipomweleza, hakucheka. Alichora gari ubaoni, nami nikauliza maswali ambayo sijawahi kuuliza darasani.

Alinieleza kwamba gari husukumwa na magurudumu yanayozungushwa na injini, na gurudumu hushika ardhi kwa kadiri ya uzito unaoligandamiza. Mbogo ana injini ya silinda nane, chuma kitupu, na yote imekaa juu ya magurudumu ya mbele. Lakini yanayosukuma ni ya nyuma, na nyuma hakuna kitu: ni buti tupu na kiti ambacho hakikaliwi. Nguvu ni nyingi, uzito wa kuishikilia ni mdogo. Tena nguvu yenyewe haingoji injini ipige kelele. Ukigusa mafuta kidogo tu inakuja yote kwa mkupuo. Springi zake za nyuma ni zile bapa, ngumu. Zikisukumwa ghafla zinajikunja, na magurudumu yanarukaruka badala ya kutulia chini. Ukiongeza matairi membamba yaliyokwisha meno, umemaliza.

Nikamuuliza mbona Pijo haifanyi hivyo, na yenyewe husukumwa na magurudumu ya nyuma. Akasema Pijo ina nguvu ya kiasi, springi zake ni laini na hufuata mashimo ya barabara, na tena haiendi popote bila mizigo. Hata ile Fokswageni ya padri, mgongo wa chura tunayoicheka, inapanda tope bila wasiwasi kwa sababu injini yake imekaa juu ya magurudumu yanayosukuma. Halafu akaniambia jambo ambalo siwezi kulisahau: kwamba tairi lina uwezo mmoja tu wa kushika, na kwenye kona uwezo huo lazima ugawanywe. Sehemu inasukuma gari mbele na sehemu inalizuia lisiende pembeni. Ukiutumia wote kusukuma, haubaki wa kuzuia. Hapo ndipo mkia unapochomoka.

Baba hakusoma fizikia hiyo, lakini dawa yake aliijua kama madereva wote wa hapa wanavyoijua. Kila masika alipakia magunia mawili ya mchanga wa mtoni ndani ya buti la Mbogo, juu kabisa ya ekseli, akayafunga kwa kamba ya katani yasihame. Unakumbuka walivyomtania pale stendi? Walimwita, "Masele, leo umebeba kaburi la nani?" Naye alikuwa akijibu kwamba ni la mwenye haraka.

Nilikwenda polisi, Kaka. Mimi! Nilivaa sare ya shule ili wanione mtu wa maana. Nilimweleza yule koplo habari ya uzito na magurudumu mpaka jasho likanitoka. Akaniuliza kama na mimi nimekuwa fundi siku hizi, mwenzake akasema nisubiri niolewe na mwenye gereji. Kisha koplo akasema neno moja la kweli: kwamba walifungua buti baada ya ajali, na halikuwa na gunia wala chembe ya mchanga.

Siku hiyohiyo nilizunguka nyuma ya banda la gari kwa Bwana Jafferali. Magunia yale yalikuwa pale, yameegemezwa ukutani, kamba zake zimekatwa kwa kisu.

Yule msichana Limi ndiye aliyenimalizia habari. Tena alinieleza huku akicheka, kwa sababu hakujua anachonieleza. Alisema Jumamosi Bwana Jafferali alipokwenda msibani uliwachukua yeye na wenzake mpaka uwanja wa nyuma ya ghala, ukawaonyesha Mbogo anavyocheza, kichwa huku, mkia kule, ukachora duara moja juu ya lingine mpaka udongo ukafuka vumbi. Alisema ulijisifu kwamba mzee wako amemfunga mnyama mawe mkiani, na wewe umemfungua. Kwa hiyo ulijua! Ulijua kabisa kazi ya magunia yale, ndiyo maana uliyatoa. Mwalimu alitumia chaki nzima kunieleza jambo ambalo wewe ulikuwa unalichezea mbele ya wasichana.

Hilo ningeweza kulisamehe. Vijana hucheza. Lakini Jumatatu asubuhi nilikuwepo, nikifunga viatu vya shule, nilipomsikia Baba akikuuliza kama umelikagua gari. Ukamjibu, "Tayari Baba, kila kitu." Kila asubuhi Baba hufungua buti mwenyewe, akalivuta gunia kuona kama limekaza. Asubuhi ile hakulifungua, kwa sababu mwanawe alimwambia tayari. Nimelirudia jibu lako kichwani mpaka limepoteza maana. Uliogopa kukemewa, ukampeleka kwenye tope bila kumwambia.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nikuandikie, maana mpaka hapo nilikuwa nimeapa kutokutaja tena jina lako.

Jana nilimwambia Baba kwamba nimeyaona magunia, na kwamba nitakwenda kwa hakimu. Alikuwa anarekebisha mguu wa kiti. Hakuinua kichwa. Akaniambia kwa Kiswahili kizuri, kama anaongea na mgeni, kwamba magunia aliyatoa yeye mwenyewe ili mizigo ya Bibi Rubab ipate nafasi, na ndivyo alivyoandikisha polisi. Nikamwambia Bibi Rubab alibeba mkoba tu. Akakiweka kiti chini. Ndipo akaniita mwanangu kwa lugha ya nyumbani, ng'wana wane, akaniambia kwamba siku ileile, wakati Mzee Jilala anapakiwa kwenye gari la wagonjwa, alitazama uwanjani, akayaona yale maduara yamejaa maji ya mvua. Aliona na wewe umesimama mbali, ukamtazama, ukageuka ukaenda zako. Alijua tangu dakika ile, Kaka. Akasema yeye ameshaendesha vya kutosha, lakini kijana akianza maisha na jela hapati tena wa kumkabidhi hata baiskeli. Akanikataza kulitaja jambo hili kwa mtu yeyote, hata kwa Mama.

Kwa hiyo barua hii ni kosa langu la kwanza la kumvunjia Baba agizo, na silijutii.

Kesi itasikilizwa Jumatano ijayo. Basi kutoka Geita unalijua. Usipokuja, nitasimama mbele ya hakimu, mimi ambaye darasani hata kujibu "nipo" hunitoa jasho, na nitalitaja jina lako kwa sauti ya kusikika mpaka nje. Mwalimu Stanslaus amekubali kukaa karibu nami nisije nikaanguka. Lakini sitaki kulitaja. Nataka ulitaje wewe.

Magunia bado yapo nyuma ya banda. Nimemwomba Bwana Jafferali yasiguswe, naye amekubali bila kuuliza sababu. Nilijaribu kuliinua moja ili nilifikishe mahakamani, likanishinda hata kulisogeza. Uliyeyatoa unajua yanavyobebwa.

Salamu za huku ni chache. Mama hakusalimu, kwa sababu hajui kama nakuandikia. Mzee Jilala hakusalimu. Mimi nimekwisha kukuamkia hapo juu, na inatosha. Anayekusalimu ni Baba peke yake. Hajui kama barua hii ipo, lakini kila akimwona Maganga anamuuliza kama huko Rwamgasa unapata mahali pakavu pa kulala.

Ni mimi mdogo wako,
Justa Masele