Sifuri za Kasansa

Shanwe, Mpanda
14 Juni 2024

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, na lile goti halikusumbui sana. Mama naye kifua chake kinaendeleaje? Huku mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenikimbia. Ningepiga simu, lakini najifahamu, ningeishia kuuliza habari za kuku.

Mama alinieleza mambo ya huko. Alisema mpunga ulikaukia majarubani kabla ya kutoa masuke, na kampuni yetu ikakataa kulipa fidia kwa sababu mvua haikushuka chini ya kiwango cha mkataba. Akasema wale watu arobaini wa kikundi chako uliowashawishi wakate bima sasa wanapita mlangoni bila kupiga hodi. Nyanzala, yule mjane aliyeuza mbuzi wake ili alipie, alikuuliza mbele ya kanisa kampuni ilikugawia ngapi. Eti ukageuza, ukarudi nyumbani bila kusali. Hilo limeniuma kuliko yote, Baba.

Niruhusu nikueleze kiwango kile kilivyopatikana, maana hesabu hizo ndizo kazi yangu ofisini. Tulichukua daftari lako la mvua, miaka ishirini na miwili, tukalilinganisha na mavuno ya kila mwaka, ili tujue mvua ikipungua kiasi gani ndipo mpunga unakufa. Miaka miwili ilitushangaza: mvua kiduchu, mavuno mazuri. Meneja akasema kumbe mpunga wa Kasansa ni sugu, akaagiza kiwango kishushwe. Ndiyo maana mwaka huu mmekosa.

Miaka hiyo, Baba, ni ile misimu miwili uliyokaa Majengo kwa shangazi ukitibiwa goti. Uliniachia kipima mvua kile cha nje ya ghala, nikisome kila siku saa tatu asubuhi. Nilikuwa darasa la sita, kisha la saba, na mvua ikinyesha mimi nilikuwa mtoni natega kambare. Jioni niliandika sifuri, kwa sababu sifuri haikuwa na maswali. Uliporudi ukalisoma daftari, ukasema Mungu ametupa mpunga bila mvua, ukapeleka gunia zima kanisani kushukuru. Nilikusaidia kulibeba.

Baya zaidi, nilizitambua sifuri zangu siku ileile tulipofungua daftari, kabla mkataba haujatiwa saini. Nikanyamaza. Niliogopa kuchekwa, nikaogopa kupoteza kazi. Leo nimemwandikia meneja kila kitu. Amejibu kwamba mkataba wa msimu uliopita haufunguliwi tena.

Wasomee watu wa kikundi barua hii, Baba, na jina langu ulitaje. Wewe hukukosea hata siku moja. Daftari lako lilikuwa safi mpaka uliponikabidhi mimi.

Nisalimie Mama, na kaka Respicius na wanawe. Nyanzala usimpe salamu zangu. Kwake nitakwenda mwenyewe Jumapili, kabla ya misa.

Mimi mwanao,
Anicet