Kisahani cha Babu na Kifungo cha Shati

Nyumba ya mwisho,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mke mwenzangu, Bi Mdogo,

Hujambo mjukuu wangu? Umeamkaje huko uliko, na hiyo baridi yenu imekuachia vidole? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama gari lililokataa kuwaka? Kunywa vitu vya moto, vaa soksi, na usiniambie umevaa wakati hujavaa, maana nakujua. Sisi huku wazima. Mguu wangu wa kushoto una kiburi chake asubuhi, ila nikishautukana kidogo unatembea.

Anayeandika ni shangazi yako. Mimi nasema, yeye anaandika, kwa kuwa kalamu sikufundishwa na kwa umri huu sitaki kuanza kugombana nayo. Nimemwambia aandike kama nilivyosema, asinipambe. Hapo juu alitaka kuliondoa neno la kutukana, nikamwambia mwanangu, mguu ni wangu.

Siku ile shangazi yako alipokupigia simu akihema, uliniuliza swali. Ulisema, Bibi, hizi video za nyumbani nikutengenezee kwenye visahani vya deki, au niziweke mtandaoni muwe mnazipakua kwenye simu? Nikajifanya simu inakwaruza. Haikuwa inakwaruza. Swali lilinikuta nina kesi, nikaona nikujibu kwa barua, mahali ambapo huwezi kunikatiza.

Nianze na simu. Ulipotuma ile linki tulipokwisha kumzika babu yako, baba yako mdogo ndiye aliyeipakua, maana simu yake ndiyo kubwa na bando halimwishi. Tukajaa sebuleni. Tukamwona mzee kibarazani na mwamvuli wa watu mapajani, anaunga njiti iliyovunjika, fulana ina tundu begani. Tulilia, tukacheka, tukalia tena. Siku hiyo nilisema kweli simu ni kitu cha maana.

Kesho yake baba yako mdogo akaenda zake kusambaza mikate, na mume wangu yumo mfukoni mwake. Sasa angalia mambo hayo. Nimeishi na yule mzee ujana na uzee, leo nikitaka kumwona nimsubiri dereva wa mikate arudi, aoge, ale, aichaji simu. Halafu katikati ya maneno ya mzee, bosi anapiga kuuliza kreti zimebaki wapi. Mzee anatoweka, kreti zinaingia. Nikamwambia, mwanangu, babaako alipokuwa hai hakuwa mgumu kupatikana namna hii. Akanijibu, "Mama, enzi zile alikuwa hana bosi." Nikamwambia alikuwa naye, muulize mamaako.

Ikafika siku simu yake ikajaa, akaanza kufuta vitu. Mabao ya mpira yakabaki. Babaake akaondoka. Aliapa kwamba kidole kiliteleza tu. Nikamwambia hicho kidole kina timu.

Bahati nzuri ulikuwa umeshamkabidhi visahani yule mwenzako muuguzi aliyekuja likizo. Kimoja cha babu, kimoja cha harusi ya shangazi yako, kimoja chako mwenyewe ukitambaa na kula mchanga. Deki tulikuwa nayo juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, mdomo umegoma kufunguka. Tukamwita Fundi Waya, yule fundi redio wa mtaa wa nyuma asiyejua kunyamaza. Akaizunguka, akasonya, akasema, "Bibi, mashine hizi zimeshakufa. Watu wote sasa wanatazama kwenye simu."

Nikamwambia, "Na mume wangu naye ameshakufa, na ndiye ninayetaka kumwona. Wewe fungua."

Akafungua.

Sasa sikiliza tatizo langu. Visahani vyote vinafanana, na hayo maandishi yako ya wino juu yake, kwangu ni nyayo za sisimizi. Sikutaka kumwita mtu kila nikitaka kujua nani ni nani ndani ya nyumba yangu. Nikavishonea mifuko. Cha harusi nilikishonea kwa kipande kilichobaki cha gauni la shangazi yako. Chako kwa pindo la blanketi lako la utoto, lile ulilokuwa ukilinyonya. Cha babu kwa shati lake la mistari, lile ulilomwambia anafanana na godoro. Nikigusa tu, vidole vinajua. Hata umeme ukikatika najua nimemshika nani.

Na kwa kuwa ni shati lake, kifungo chake nikakiacha pale pale. Nikawa nikishamtazama namrudisha ndani, namfunga kifungo kama zamani alipokuwa anatoka na ninamwambia shati halifungwi hivyo. Kumbe kifungo chenyewe kimemeguka ukingoni, kina kajino. Kila nikiingiza kisahani na kukitoa, kajino kanapiga mstari. Mimi nabembeleza, kifungo kinakwaruza.

Basi siku hiyo naweka, mzee anafika pale anapotafuta koleo lake dogo. Anainua uso, anaita, "Bi Mkubwa, uko wapi?" Mara tena, "Bi Mkubwa, uko wapi?" Na tena. Picha imeganda, sauti inarudi ile ile, ameacha mdomo wazi kama mtoto anayesubiri kijiko. Nilipiga yowe lililomtoa shangazi yako bafuni na povu lake.

Hapo ndipo roho iliponiruka. Kwenye simu ameshafutwa, na kwenye kisahani nimemharibu kwa mkono wangu, tena kwa kifungo chake mwenyewe. Nikaona nimemzika mara ya pili. Ndipo shangazi yako akakupigia vile akihema. Na wewe, kwa sauti hiyo hiyo unayoniambia nayo kwamba umekula, ukasema, "Ipo, Bibi. Yote ipo. Nimeiweka mahali pawili." Nilikaa sakafuni, mguu ukiwa na kiburi au bila.

Kwa hiyo shukrani ninayoiandika leo ni ya siku ile. Kwenye simu sikuisema, nikajifanya simu inakwaruza, na wewe ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Asante, mwanangu. Asante kwa kuwa na akili ya kuweka pawili kitu ambacho sisi huku tulishindwa kukitunza hata mahali pamoja.

Na asante kwa jinsi ulivyomchukua kwenye video. Mwingine angemvalisha koti, akamkalisha wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Wewe ulimwacha na fulana yake ya tundu, miwani juu ya kipaji, anagombana na mwamvuli, anakuambia, "Bi Mdogo, ondoa limashine lako hilo, Bi Mkubwa ataona nimemsahau kwa sababu yako." Na mimi nasikika huko jikoni naporomosha masufuria. Sikujua kama nina kelele kiasi hicho. Siku moja mtanitafuta mimi mle ndani na mtanipata, sauti ya sufuria. Asante na kwa hilo.

Baba yako mdogo usimseme sana. Yeye alilia kuliko sisi wote, mikate ya watu ikachelewa. Ile video uliyomtumia tena ameiweka kwenye kadi ya peke yake, mbali na mabao, na amemwonyesha kila muuza duka anayemshushia kreti. Mzee amefika kwenye maduka ambayo hakuwahi kukanyaga. Hilo kisahani kisingeliweza, nakiri.

Sasa jibu lako. Nyumba hii imebishana mpaka chai ikapoa. Baba yako mdogo anasema visahani ni mambo ya kale, shangazi yako anasema simu ni mdomo wa mamba. Mimi nasema hivi. Kilicho hewani hakikwaruziki, lakini ili nikione lazima nipite kwenye mikono ya mtu. Kisahani kinakwaruzika, lakini ni changu, na sitaki kumwomba mtu ruhusa ya kumwona mume wangu. Kwa hiyo nyinyi wenye macho ya simu pakueni. Mimi nichomee visahani. Kila unachokiweka huko juu, na huku chini nipate changu, na huko juu usikifute hata ukisikia nimeridhika. Mifuko mipya nimeshashona, inafungwa kwa utepe. Vifungo nimevipiga marufuku.

Jambo moja limebaki. Fundi Waya anasema kile chenye mkwaruzo anaweza kukisugua kikapona. Shangazi yako anasema kitupwe, kizima kinakuja. Nimewakatalia wote wawili. Kizima nitakitazama na wageni. Hiki ni cha kwangu.

Nikimaliza kazi zangu nakiweka. Mzee anafika pale pale, anaita, "Bi Mkubwa, uko wapi?" Namwacha aite kidogo. Anajua sikuwa mwepesi wa kuitika hata enzi zile. Akishaita ya kutosha namwambia, "Nipo. Koleo liko chini ya goti lako." Hapo shangazi yako anabonyeza kitufe cha kuruka mkwaruzo, na mzee anaendelea na mwamvuli wake.

Wasalimie mumeo na mama mkwe wako, mwambie yule mama kwamba ile sweta aliyonifumia naivaa na inawachoma watu roho. Mbusu kitukuu changu kwenye kisigino, mashavu tayari yana wenyewe. Shangazi yako anakusalimu, baba yako mdogo anakusalimu na aibu yake. Mungu akulinde barabarani na kazini, akupe usingizi mzuri, na siku atakayokuleta hapa unikute bado nina meno ya kukuchekea.

Nikupendaye kuliko ninavyokubali,

Bibi yako,
Bi Mkubwa.

Haya ni yangu, shangazi yako; yeye hajui kama nimeyaongeza. Kile kitufe kinabonyezeka upesi tu. Mimi ndiye ninayechelewa, makusudi, waongee.