Vitambaa vya Uulkan

Jumatatu, 20 Mei
Nesi Begayim amepita na mashine yake ya presha. Wifi yangu Uulkan, miaka themanini na tano: mia na themanini. Asubuhi alikamua ng'ombe wawili. Mchana yuko kitandani, uso ukutani. Kwa namba tu! Vidonge amepewa, anameza, na bado halali wala hali. Na mimi amenipima; watu nimewaambia presha yangu ni nzuri. Vidonge vyangu viko ndani ya buti.

(Shule sikuiona. Herufi nilifundishwa na mkwe wangu uzeeni. Daftari lisinicheke.)

Jumatano, 22 Mei
Jumamosi mifugo inapanda malishoni, huko mlimani. Miaka sitini mimi na Uulkan tunasimamisha hema pamoja. Sasa anasema haendi, miguu imekufa. Amefungua sanduku lake la mazishi, anakata vitambaa vya kugawa msibani. Akifa mzee sana kila mtu huchukua kipande, ili naye aufikie umri ule. Basi majirani wanapita kumjulia hali — macho kwenye kitambaa. Mmoja ameomba chekundu! Nimemfukuza. Subiri afe kwanza, we tai wa mizoga.

Ijumaa, 24 Mei
Nimekwenda kumchokoza. Nimemwambia anakata kombo, watu watasema marehemu alikuwa mlevi. Hakucheka. Hapo nikaogopa kweli. Uulkan asiyecheka keshaoshwa huyo, bado kuzikwa.

Nikamwambia nisilomwambia mtu.

"Yangu ni mia mbili na kumi, wifi. Na jana nimepasua kuni."

Akageuka kutoka ukutani. "Mwongo."

"Muulize Begayim."

Akanitazama kama ng'ombe wa mnadani. "Mia mbili na kumi, na unazurura? Hebu lala hapo, mpumbavu wee."

Akashuka — kwa miguu ileile iliyokufa! — akanisukumia kitandani kwake, pangali na joto lake. Buti akanivua mwenyewe. Vidonge vikamwagika. Matusi niliyotukanwa siyaandiki, daftari hili ni safi.

Yuko nje sasa. Anamfokea mkwe wake: supu ya wifi isitiwe chumvi, hema lifungwe, kesho yeye anapanda, lazima awepo mtu wa kunichunga nisifie mlimani. Sauti kama ya msichana. Nimecheka peke yangu.

Amerudi mlangoni, akanitupia mkasi na kitambaa cheupe. Nikate vyangu, eti mimi ndiye najua kunyoosha.

Nimeushika mkasi. Mkono unatetemeka.

Asubuhi haukutetemeka. Nakumbuka vizuri, nilitia uzi kwenye sindano mara moja tu, kabla sijaitamka ile namba —