Niliazima injini ya rafiki, mradi ukaitoboa siku ile ile

Mpendwa Bi Khairat,

Nakuandikia kwa haya nyingi, na nakuomba unijibu kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu wa Juni, kwa sababu Ijumaa hiyo kuna mtu anakuja nyumbani kwangu na sijui nitamtazama kwa macho gani. Tafadhali usitaje jina langu.

Mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na mmoja, mkaazi wa Voi, nina mke na watoto watano, na tangu enzi za marehemu baba yangu sisi ndio tuliokuwa na basi la kwenda Rukanga na vijiji vya kuzunguka mlima Kasigau, basi la dizeli la mwaka sabini na mbili, lakini mwaka wa tisini na tatu injini ilipasuka na tangu hapo likakaa juu ya mawe uani kwangu, kuku wakawa wanataga kwenye kiti cha dereva na mke wangu Zaitun anaanika pilipili kwenye viti vya nyuma, kwa hivyo siwezi kusema halikuwa na kazi.

Mwezi wa Novemba mwaka jana likabandikwa tangazo mjini kwamba serikali na wafadhili wana mradi wa kupunguza moshi, mwenye basi au lori kuukuu la dizeli alilete, liharibiwe lisirudi tena barabarani, naye apewe ruzuku ya kununulia jipya, na masharti yalikuwa matatu, gari liwe na zaidi ya miaka kumi na tano, liwe lako mwenyewe, na lifike yadi ya mradi kwa nguvu ya injini yake, maana walisema hawakuja kununua vyuma chakavu, wamekuja kuondoa moshi. Masharti mawili niliyatimiza vizuri sana.

Sasa nikueleze kuhusu Obadiah. Huyu ni mkulima wa Rukanga, mzee wa kanisa, rafiki yangu wa miaka ishirini, ana lori la aina moja na basi langu na injini zao zinaingiliana, na wewe kama hujawahi kuharibikiwa na gari njia ya Kasigau hutaelewa, lakini huko spea haina mwenyewe mmoja, gari likikufia unakwenda kwa mwenye gari mwenzako unafungua unachokihitaji, stata ya basi langu ilikuwa yake na giaboksi ya lori lake ni ya baba yangu, na hakuna siku tuliandikishana. Kwa hivyo nilipokwenda kumwomba injini nzima kwa wiki mbili hakuuliza hata ya nini, nilimwambia mwenyewe kwamba ni ya kuonyesha kwa ukaguzi tu, akacheka akasema, "Chukua, Zubair. Saa hii sina mzigo, na lori halitakimbia likiwa halina injini." Tukaipakia kwenye tela la trekta, na mkewe Priscilla akatuwekea na mapapai juu yake.

Hapa ndipo penye dhambi yangu, Bi Khairat. Lile tangazo nililisoma lote, nilijua injini itatobolewa, lakini nilijua pia ofisi zetu, nilingoja leseni ya kibanda cha chai miezi saba, nikahesabu kwamba kwanza watakagua, halafu faili itakwenda Mombasa, kutoka Mombasa itakwenda Nairobi, huko itapotea kidogo, itatafutwa, na wakati huo mimi nitakuwa nimeshamrudishia Obadiah injini yake na kurudisha ile yangu iliyopasuka, waje waitoboe watakavyo. Fundi wangu Kimeu alisema mpango huu hauna kasoro, na Kimeu ni mtu wa kukosoa.

Kimeu akaifunga injini ya Obadiah kwenye basi, tukafika yadi saa nne asubuhi siku ya Jumanne mwezi wa Februari. Ofisa alikuwa kijana anaitwa Donald, shati limepigwa pasi, akaniambia niwashe, nikawasha, ukatoka moshi mweusi mpaka akakohoa, akafurahi, akaandika kwenye fomu yake. Halafu akasema, "Sawa mzee, usizime." Wakafungua oili ikamwagika yote, wakaiacha injini ikinguruma hivyo hivyo mpaka ikakwama, kisha akaja mtu na drili akaitoboa ubavuni, shimo la kupita ngumi ya mtoto, karibu kabisa na herufi O.M. ambazo Obadiah alizichonga kwa patasi mwaka alioinunua. Nikamwuliza Donald, je, faili haiendi Mombasa? Akanijibu, "Hapana mzee, sisi tunamalizia hapa hapa." Adhana ya adhuhuri ilinikuta nina karatasi yenye mhuri mkononi.

Utaniuliza kwa nini sikusema simameni. Nilifungua mdomo niseme. Nikauliza kama kuna chai.

Basi jipya lilikuja Aprili, nalo haraka, jeupe, halitoi moshi hata kidogo, dereva wangu Mwandawiro analipeleka Rukanga kila siku saa nane mchana, lakini mimi mwenyewe tangu siku ile sijakanyaga huko. Obadiah nilimpelekea salamu kwamba injini yake bado imezuiwa na ukaguzi, na Bi Khairat, aliamini bila taabu, kwa sababu naye anajua ofisi zilivyo, akanijibu, "Pole sana ndugu yangu, usijisumbue, serikali ni serikali," na nasikia Jumapili wananiombea kanisani mambo yangu yafunguke. Kila wiki Priscilla ananitumia mapapai kwa mkono wa Mwandawiro. Siyali. Zaitun anayala.

Sasa pojo na mahindi yametoka, na lori lile ndilo lililokuwa likibeba mazao ya majirani wote kuyaleta soko la Voi, basi jipya halina keria juu, magunia yamejaa sebuleni kwa Priscilla na mengine kanisani, na wiki iliyopita ndovu walinusa wakaja wakabomoa ukuta wa ghala, wakala walichokula na wakakanyaga kilichobaki. Mwandawiro ananiambia kwamba kila Jumamosi Obadiah anafungua boneti ya lori, anapanguza mahali injini inapokaa, anabadilisha maji kwenye rejeta, anafunika kwa gunia ili kuku wasiingie, asije akachelewa siku injini itakaporudi.

Na juzi amesikia kwamba mradi unafunga kupokea magari mwisho wa mwezi huu, naye anataka kuliingiza lori lake. Kwa hivyo Ijumaa anakuja Voi na chupa ya asali kwa ajili ya Donald, tuende pamoja tukamwombe kwa adabu atufungulie injini yake. Zaitun anasema ninunue injini nyingine kuukuu Mombasa, Kimeu achonge O.M., nimrudishie yaishe. Dada yangu yuko Tanga na ananialika kila mwaka. Nikisema kweli nitanyang'anywa basi, na huenda nikafungwa. Nisiposema, naogopa ile asali.

Niambie nifanye nini.

Mwenye basi, Voi

BI KHAIRAT ANAJIBU

Ndugu yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, naomba radhi. Mara ya pili nilipofika kwenye yale maji ya rejeta niliiweka chini, nikakasirika, nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu, ndipo nikarudi kukujibu.

Nianze na pole, maana nayo unastahili kidogo. Hofu hufunga mdomo, naijua, na watu wengi wameuliza chai mahali walipotakiwa kusema neno. Lakini hofu ya namna hiyo ni ya dakika kumi. Yako sasa ina miezi minne na imepewa dereva.

Unaandika kana kwamba Donald amekukosea kwa kufanya kazi haraka. Kijana wa watu alifika kazini, akafanya alichoajiriwa kufanya, akamaliza kabla ya chakula cha mchana. Mpango wako wote ulisimama juu ya imani kwamba yeye ni mvivu. Kimeu aliposema hauna kasoro ungemwuliza je, ofisi ikifungua kwa wakati? Na usinitajie Kimeu tena, injini haikuwa yake wala rafiki hakuwa wake.

Sasa nisikilize vizuri. Ule mradi haukuja kununua basi la kuanikia pilipili. Wenye mradi walisema wenyewe, wamekuja kuondoa moshi. Basi lako lilikuwa halitoi moshi tangu mwaka wa tisini na tatu, kwa hivyo wewe hukuondoa kitu barabarani. Moshi uliomkohoza Donald ulikuwa wa Obadiah. Injini iliyofika yadi kwa nguvu zake ilikuwa ya Obadiah. Shimo limo ndani ya mali ya Obadiah. Kwa jinsi ninavyoona mimi, serikali imepata haki yake yote, na mtu aliyeilipa hiyo haki yuko Rukanga anapanguza boneti. Ruzuku ile ni yake. Wewe ulichofanya ni kuipeleka injini mjini.

Tanga hutakwenda. Dada yako angoje mwaka mwingine.

Injini ya Mombasa hutanunua. Mtu aliyechonga herufi zake kwa patasi anaujua mkono wake, na ukimpelekea O.M. ya Kimeu utakuwa umemwibia mara ya pili na kumwona mjinga juu yake. Umwambie Zaitun nimesema hivyo, na kwamba namsalimu, na aache kula yale mapapai.

Wala usingoje Ijumaa. Mtu mzima hafungi safari ya Voi na chupa ya asali ili akaambiwe na ofisa mgeni jambo ambalo rafiki yake alilijua tangu Februari. Akiambiwa pale kaunta, mbele ya watu, hatapoteza injini tu. Atapoteza miaka ishirini, na hiyo hakuna mradi unaoirudisha.

Utakwenda wewe kwake, Jumatano hii. Mwandawiro apumzike, usukani ushike mwenyewe, maana barabara unaijua. Kabla hujaondoka ng'oa viti vyote vya nyuma, Kimeu ana spana na ana deni la kazi. Ukifika usikubali kukaa, usikubali chai, chai imeshakuponza. Mwambie hivi, na usiongeze chumvi: "Obadiah, injini yako waliitoboa siku ile ile, nami nilisimama nikatazama, na kila salamu niliyokutumia tangu hapo ilikuwa uongo." Kisha nyamaza. Akikufokea, nyamaza. Akinyamaza naye, hilo litakuuma zaidi, na pia nyamaza. Usimwambie kwamba ulidhani faili itakwenda Mombasa. Atakuelewa, na hukwenda huko kueleweka.

Akimaliza, fungua milango ya basi mpakie magunia. Ya Priscilla kwanza, kisha ya kanisani, kisha ya majirani, na utapanda na kushuka mpaka kusiwe na gunia hata moja la kumwita ndovu. Haulizwi mtu nauli. Basi jipya litachakaa kidogo, nalo ni vizuri lizoee njia.

Ijumaa nendeni nyote wawili kwa Donald, kama Obadiah alivyopanga, ila atakayesema ni wewe. Mwonyeshe ile O.M., kama bado iko kwenye lundo la vyuma pale yadini. Mwombe ruzuku ile iandikwe kwa jina la mwenye injini na basi liwe la Obadiah, na kama Obadiah atataka ubaki kulifanyia kazi, hilo ni la kwake kuamua, si lako kulipendekeza. Siwezi kukuahidi kwamba Donald atakubali. Huenda akalichukua basi, huenda akakupeleka polisi. Akilichukua, utabaki mtu asiye na basi, kama ulivyokuwa Novemba, na hapo utaanza kumtafutia Obadiah injini halali kwa jasho lako, hata ikikuchukua muda mrefu kuliko leseni ya kibanda. Asali msimpe, ataiona ni rushwa. Rudini nayo.

Jambo la mwisho. Uliniomba nisitaje jina lako na sikulitaja. Zubair si jina lako, Obadiah si jina lake, na herufi za ubavuni nimezibadilisha pia. Lakini Rukanga nimeiacha Rukanga, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Lori lisilo na injini kijijini pale ni moja, na kila anayejua kusoma anajua ni la nani.

Gazeti hili linafika Voi Jumatano asubuhi. Kwenda Rukanga halina usafiri mwingine isipokuwa basi lako la saa nane. Bunda la magazeti liweke chini ya kiti chako, na usilifungue mpaka rafiki yako awe ameisikia habari hii kutoka kinywani mwako.