Ramadhani ya Kulinganisha Tanzania na Zambia

Jumatatu, 3 Machi
Nimetoka ofisini, nimefuturu tambi na uji. Peke yangu tena. Kisha tasnifu yangu ya chuo. Tanzania huku, Zambia kule: serikali ipi inawekeza zaidi kwenye barabara, reli, majengo na mitambo. Idrisa, mume wangu, anajenga barabara huko Zambia. Kwa ajili yake niliichagua nchi hiyo. Msimamizi wangu hajui. Idrisa ameahidi kuja Idi.

Ijumaa, 7 Machi
Msimamizi amerudisha sura ya tatu. Nimetumia fedha zilizotengwa badala ya zilizotumika. Kweli, bajeti ni ahadi tu. Tena kwacha ya Zambia haikai kando ya shilingi hivihivi; nipime uwekezaji wa kila nchi kwa pato lake lenyewe. Naanza upya. Nina hasira, na nyumba nzima hakuna wa kumlalamikia.

Jumatano, 12 Machi
Idrisa amepiga. Nikamweleza jinsi mstari wa Zambia kwenye grafu unavyoporomoka pale madeni yalipoibana serikali, na wetu haukuanguka vile. Akacheka. Sasa miradi inafufuka, akasema, ndiyo maana wanamhitaji.
Wanamhitaji.
Habari ya Idi hakuitaja. Sikuuliza. Niliogopa.

Jumamosi, 15 Machi
Nimeenda kijiji kimoja nje ya mji mdogo wa Masumbwe. Nilitaka kuona kwa macho kitu ninachokihesabu. Jengo la wazazi la zahanati, jipya, rangi safi. Limefungwa. Muuguzi hajaletwa. Barazani mama mjamzito, miguu imevimba, anasubiri bodaboda ya kumpeleka hospitali ya mbali. Nikamsalimia. Akaniuliza kama mimi ndiye muuguzi.
Nikasema hapana. Aibu niliyoona siwezi kuieleza.
Kwenye takwimu jengo hilo limo, zima, sawa na lililo wazi.

Alhamisi, 20 Machi
Idrisa haji. Mkataba wake umeongezwa miaka miwili na ameshasaini. Hakuniuliza.
"Nitatuma fedha uweke vigae sebuleni," akasema.
"Sitaki vigae, Idrisa. Nakutaka wewe."
"Basi acha kazi, uje huku."
"Na wewe ungeacha yako?"
Akasema mtandao unasumbua. Haukuwa unasumbua.
Nimelia hadi adhana. Nimefungua kwa maji.

Jumanne, 25 Machi
Hajapiga. Nimetuma tasnifu. Hitimisho: Tanzania imewekeza kwa mwendo usioyumba sana, Zambia ilianguka, inainuka. Nikaongeza aya ambayo msimamizi huenda akaifuta: takwimu hazisemi kama mlango uko wazi.
Nimemwandikia Idrisa pia. Siachi kazi. Akitaka mke, njia ya nyumbani kwetu Ngokolo anaijua. Nimetuma. Sijuti.

Jumatatu, 31 Machi
Idi. Nimeswali, nimerudi, nimekaa na gauni jipya sebuleni. Idrisa ametuma "Idi njema". Basi.
Mchana jirani yangu Mama Kulwa akagonga. Yeye ni Mkristo, Msukuma wa Maswa, na leo amechinja kuku kwa ajili ya sikukuu yangu. Nikamfuata kwake. Wanawe wakaniamkia wote. Shikamoo, shikamoo. Mama Kulwa akauliza mzee wangu amefika saa ngapi.
Wiki nzima nimekuwa nikiwaambia watu yuko njiani.
"Haji, Mama Kulwa. Sidhani kama atarudi."
Hakunipa pole. Alinisogezea kigoda karibu na jiko lake. "Kaa hapa, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Wali haujaiva."
Nikakaa.