Kibuyu Nilichokiosha Sana

Mjukuu wangu Akinyi,

Habari za huko shuleni Kisumu? Hapa Pap Onditi ng'ombe amezaa. Umeniuliza kama niliwahi kukuza bakteria kama mnavyofanya nyinyi darasani. Nilipokuwa msichana, nilisugua kibuyu cha mama cha maziwa lala kwa sabuni na maji moto mpaka ndani. Maziwa yaliyotiwa humo baadaye hayakuganda, yalioza. Mama alisema tu, "Umeosha hata kilichokuwa kinatusaidia," akaenda kwa jirani kuomba maziwa lala kidogo ya kuanzia upya.

Kibuyu hicho bado ninacho. Tangu babu yako afariki hakuna wa kunywa, lakini kila asubuhi namwaga kidogo na kuongeza kikombe kimoja cha maziwa ili bakteria wasife. Ukijua majina yao, niandikie. Ndio ninaoishi nao.

Nyanya yako