Friji la Odell na Sauti Tatu

Jumanne, 11 Juni

Mazoezi jikoni kwa Odell, kama kila Jumanne. Mabaya! Mandolini ya dada yake, Verna, kigitaa kile kidogo, ilikuwa sawa — noti zinadondoka kama mvua ya kwanza juu ya bati. Ila tulipoinamia maikrofoni moja sisi watatu, sauti hazikushikana. Yangu chini, ya Odell katikati, ya Verna juu, kila moja na njia yake. Mbwa alitoka nje. Hata pudingi ya ndizi, ambayo Verna hutupikia siku ya mazoezi, haikuguswa.

Verna amesema tukiimba hivi kwenye tamasha Jumamosi, anahamia Ohio kwa mwanawe. Hatanii. Chumba chake huko kimeshapakwa rangi.

Jumatano, 12 Juni

Nimepitia kichwani kila kitu cha jikoni mle. Viti, vile vile. Nyuzi, zile zile. Friji — jipya! Odell alilinunua wiki jana. Kimya kama kabati. Lile la zamani lilivuma siku zote, na sisi tulikuwa tunalinganisha sauti zetu na mvumo wake bila kujijua. Miaka yote hii!

Nikampigia Odell. Akauliza:

"Kwa hiyo bendi ina watu wanne, bwana, na mimi nimemfukuza mmoja?"

Alhamisi, 13 Juni

Friji la zamani limepatikana! Liko kwa Dwight, kituo cha mafuta, limejaa minyoo ya chambo. Haliuzi, ana wavuvi wikendi. Atatuazima, lakini na minyoo yake ndani. Nikamuuliza watu watasemaje wakiliona jukwaani. Akasema pale wameshapanda wabaya zaidi.

Tukaimba hapo hapo, kati ya matairi. Mvumo chini, mandolini ikakaa juu yake, sauti tatu zikawa moja. Mteja mmoja aliondoka bila kufunga tangi. Kuhusu Ohio, Verna hakusema anaenda. Wala hakusema haendi.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika jukwaani, nyuma ya besi langu, gitaa kubwa la kusimama. Friji liko kando ya maikrofoni, limechomekwa. Kimya! Limeshapoa, likajizima — hatukuwaza hilo. Watu wanangoja, kofia mapajani. Odell ameufungua mlango ili joto liingie, friji liwake tena.

Makopo ya minyoo. Na juu yake bakuli la Verna, limefunikwa. Pudingi ya ndizi! Leo si Jumanne.

Odell ameiona. Mimi nimeiona.

"Funga, Odell," Verna amesema, uso umemwiva. "Itaharibika kabla ya Jumanne."

Odell anasema likifungwa halitavuma. Dwight, mstari wa mbele, anasema likiachwa wazi minyoo yake itakufa. Verna ameupiga mlango kisigino, pa! Umefungwa. Sasa anavuma yeye mwenyewe, midomo imefumba, noti ile ile ya friji. Safi kabisa.

Odell ananitazama. Sauti ya juu ataimba nani?